Milango ya Chumba cha Mama Jaji

Jumatatu, 2 Machi

Nimekabidhiwa funguo za Nyumba ya Jaji, shada zima, na nusu yake hakuna anayejua zinafungua nini. Kazi yangu ni umeme, maji, hewa, na vile vidude vya kunusa moshi ambavyo sheria mpya inavitaka katika kila makumbusho. Vyumba vyenyewe havitakiwi kubadilika hata kidogo. Mgeni atakayekuja mvua zikiisha aione nyumba kama Jaji alivyoiacha alipofariki, ila taa ziwake bila kutoa cheche na choo kivute maji.

Jioni Baba amenihoji utadhani niko kizimbani. Yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa nyumba ile tangu Jaji alipofariki na nyumba ikafanywa makumbusho, mpaka alipostaafu, na hadi leo anaiita "nyumba yangu". Kama si mguu wake kuvimba, angekuwa ananitangulia kazini. Nimemwambia nitampigia picha kila siku. Akasema picha hazina harufu.

Jumanne, 3 Machi

Nimefungua ubao wa umeme. Nyaya zimevikwa kitambaa, kitambaa kimeliwa na panya, na panya mwenyewe yumo ndani, amekauka. Karani wa makumbusho amenikataza kumtoa mpaka ampige picha na kumpa namba. Mafundi wote wanamwita Namba, na yeye anaitika.

Alhamisi, 5 Machi

Leo nimeingia kwa mara ya kwanza chumba cha Mama Jaji, mke wa Jaji. Nilipokuwa mdogo nikimfuata Baba kazini, chumba hiki kilikuwa kimefungwa daima, na mlangoni kulikuwa na kibao cha MATENGENEZO. Matengenezo hayo hayakuisha mpaka nikamaliza shule.

Kina milango miwili, mmoja wa kutokea kwenye korido na mwingine wa kutokea kwenye ngazi. Yote ni ya mbao nzito, imechongwa maua kutoka juu mpaka chini. Ni milango mizuri kuliko yote nyumbani humu, na hufungwa wakati wote ili vumbi na popo wasiingie kuharibu dari.

Dari yenyewe ndiyo inayowaleta watu. Mama Jaji aliumia mgongo, na mpaka alipopona alilazwa chali muda mrefu sana, haruhusiwi hata kugeuka. Jaji, ambaye mahakamani alikuwa mtu wa kuogopwa, alikuwa akirudi jioni anavua joho na kushika patasi. Alichonga kipande kimoja kimoja cha ubao, kila kipande na picha yake, akavipachika juu ya kitanda ili mkewe awe na kitu cha kutazama. Hakuchonga maua wala nyota. Alichonga vitu ambavyo mkewe alikuwa amezuiwa kuvifikia: pasi, kuku na vifaranga, ndoo kisimani, viatu vya mtoto, paka aliyejikunja juu ya kiti. Nimesimama pale shingo imekakamaa, nikasahau nilichofuata.

Kisha nikaona doa. Kona nzima ya dari imekuwa nyeusi kwa kuvu, na mbao zimeanza kuvimba. Nimegusa kwa kidole, kidole kikaingia kidogo. Nimeumia moyo, nakiri.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza. Imeanza kwa fujo.

Ijumaa, 13 Machi

Kikao na Mama Mwenyekiti wa kamati ya makumbusho. Ni mwanamke wa maneno machache, na hayo machache anayapima. Alikuwa kwenye kamati hii tangu mwanzo, wakati huo akiwa mdogo kuliko wote. Ametazama dari kwa muda, halafu amekata kauli: kama unyevu hautakuwa umekoma hadi mvua zinaisha, dari itateremshwa, itapelekwa makao makuu ikawekwe ndani ya kioo. Na kwa kuwa chumba kitakuwa kitupu, viyoyozi vya nyumba nzima vifungwe humo.

Hilo la viyoyozi halikutoka hewani. Limo katika mchoro wangu. Nilikuwa nimekipaka chumba kile rangi ya kijivu na kuandika "chumba cha mitambo", maana kilikuwa nyuma, hakina dirisha la mbele, hakina kazi. Ule mchoro niliuchora kabla sijaona viatu vya mtoto.

Baba nilipomweleza aliacha kula. Alisema nyumba ile bila ile dari ni jengo tu, na majengo yapo mengi. Kisha akageuzia uso ukutani.

Jumanne, 17 Machi

Kioja. Fundi bomba alitafuta birika lake la chai asubuhi nzima, akamshuku kila mtu, mimi nikiwemo. Mchana limekutwa stoo, juu ya rafu, limefungwa kamba yenye namba na maelezo: "Birika, bati, la jikoni, limechakaa kwa matumizi." Namba hakuona haya hata kidogo. Alisema kitu kilichokutwa ndani ya nyumba ni cha nyumba mpaka ithibitike vinginevyo, na akamtaka fundi alete ushahidi. Fundi bomba amekunywa maji siku nzima, amenuna.

Jumamosi, 21 Machi

Swali linanisumbua mpaka usingizini: maji yanatoka wapi?

Kigae, fundi wetu wa paa ambaye ni seremala pia, anaapa kwamba paa halivuji. Nilidhani anajitetea. Leo mvua iliponyesha kama imechokozwa, tumepanda wote wawili juu ya dari na tochi, tukakaa tumechutama katikati ya boriti. Tumepapasa kila ubao. Pakavu kabisa. Kigae hakusema "nilikwambia", lakini aliniangazia tochi usoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kwa hiyo kuvu hailetwi na maji ya juu. Inatoka chini, ndani ya chumba chenyewe. Na bomba hakuna humo, choo hakuna, hata beseni hakuna. Mbona vyumba vingine vyenye kuta zilezile za chokaa vinakauka?

Jumatatu, 23 Machi

Vipimo vya unyevu tu. Chumba cha Jaji kinakauka. Chumba cha kulia kinakauka. Chumba cha Mama Jaji kinatoka jasho.

Jumatano, 25 Machi

Nimefanya jaribio la moshi. Nimechana trei za mayai, nikaziwasha kwenye kopo, nikawa natembea nalo chumba hadi chumba, Namba nyuma yangu na mtungi wa kuzimia moto, kidole kwenye kifyatulio, macho habandui.

Na nimeona kitu kizuri. Chumbani kwa Jaji moshi uliyumba kidogo, ukaenda moja kwa moja mlangoni, ukapita katikati ya luva, vile vibao vilivyolazwa kama magamba kwenye mlango, ukaingia koridoni. Koridoni ukajua njia: ukaelekea ngazi, ukapanda juu kwenye kibanda chenye matundu, ukatoka nje. Vyumba vyote vilifanya hivyohivyo. Aliyejenga nyumba hii hakuhitaji kiyoyozi. Ngazi ndiyo bomba lake la hewa na luva ndizo pua. Mimi nimesomea mambo haya miaka mingi na nilikuwa nimekuja na orodha ya mashine, nikasimama pale na kopo langu, nacheka peke yangu.

Chumbani kwa Mama Jaji moshi ulitoka kwenye kopo ukasimama. Ukasimama tu, chini ya dari, kama mgeni asiyejua pa kukaa. Ilibidi tufungue milango kwa nguvu ndipo ukaondoka.

Alhamisi, 26 Machi

Leo nimepiga magoti kwenye mlango wa korido na bisibisi. Chini ya rangi, kwenye mwimo, kuna mahali patatu palipochimbwa zamani kwa ajili ya bawaba, pakazibwa kwa vipande vya mbao. Mlango huu wa maua una bawaba mbili tu, tena kwa urefu mwingine. Mlango wa ngazi vilevile. Kwa hiyo milango hii haikuzaliwa hapa.

Tumezunguka na Kigae nyumba nzima tunapima milango, kama washonaji nguo. Ya maua, ikiwekwa pamoja, imekutana sawasawa na uwazi mpana wa kule chini, kati ya chumba cha kulia na sebule, ambapo siku hizi pana pazia tu. Na milango ya luva yenye bawaba tatu tumeikuta uani. Mmoja unafunga stoo ya mafagio, mwingine choo cha wafanyakazi. Kigae ameuegemeza ule wa choo kwenye mwimo wa chumba cha Mama Jaji, na bawaba zikaangukia mashimo yake kama zilikuwa zinangojwa.

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Nimerudi nyumbani nakimbia mvua, nikamwambia Baba kabla hata sijavua viatu. Nilitegemea atapiga makofi.

Aliniuliza kama nimenunua mkate.

Ijumaa, 27 Machi

Nimemuuliza tena: nani alihamisha milango? Amejibu kwamba nyumba ni ya zamani, milango huhamahama. Baba huyu huyu anayekumbuka siku kitasa cha jikoni kilipobadilishwa.

Jumatano, 1 Aprili

Nimemwomba Namba ruhusa turudishe milango ya luva. Amekataa, kwa upole lakini amekataa. Kanuni ya makumbusho ni kwamba kitu hakihamishwi kutoka kilipokutwa mpaka ijulikane nani alikihamisha, lini na kwa nini. Nikamwonyesha mashimo ya bawaba. Akasema mashimo yanathibitisha kwamba milango ilibadilishwa, lakini huenda Jaji mwenyewe ndiye aliyeibadilisha, kwa sababu zake, na sisi ni nani tumrekebishe. Picha za zamani za upande ule hazipo, maana palikuwa pa faragha.

Nilikasirika nikatoka nje kwenye mvua. Nilipolowa nikaona kwamba hoja yake ina kichwa na miguu. Kama kila injinia angerudisha vitu anavyodhani, nyumba ingekuwa ya mainjinia.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua. Nyaya mpya zimefika ghorofa ya juu. Baba hajaulizia nyumba yake tangu wiki iliyopita.

Jumanne, 14 Aprili

Paka ameanguka.

Asubuhi nilifungua chumba nikamkuta kitandani, kipande kizima, uso juu. Mbao zimelainika, misumari imemwachia. Amepasuka sikio. Namba alikuja, akatazama, akakaa kwenye sakafu. Sikuwahi kumwona akikaa kazini. Alimfunga kwa kitambaa cheupe taratibu sana na hakumpa namba mpaka jioni.

Nilimpiga picha kabla hajafungwa, nikaenda kumwonyesha Baba. Nilifanya kwa hasira, nasema kweli. Nilitaka aone ukimya wake unagharimu nini. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Alikuwa akimsalimia huyu kila asubuhi," alisema. "Kabla ya kumsalimia mtu yeyote."

Nikamuuliza nani. Akasema Mama Jaji.

Kichwa changu kinafanya kazi polepole lakini kikishashika hakiachii. "Baba," nikasema, "ulianza kazi pale Jaji akiwa amekwisha kufa. Mama Jaji alikuwa amehamia kwa kaka yake. Hivyo ndivyo kijitabu cha wageni kinavyosema. Asubuhi zake wewe umezijulia wapi?"

Aliweka simu mezani. Alitazama mlango, akatazama mguu wake, akaona hana pa kukimbilia. Ndipo akanieleza, na ameeleza mpaka chai ikapoa kwenye vikombe vyote viwili.

Jaji aliiacha nyumba iwe ya umma, akiamini mkewe atapokelewa na kaka yake, kama walivyokubaliana. Siku ya kuhama Mama Jaji alipanda gari na masanduku yake. Kabla ya jua kutua akarudi na masanduku yaleyale. Kaka yake hakumfungulia geti. Alituma mtu aseme hayupo, na huku yeye Mama anamwona dirishani. Aliporudi, Mama alimkuta Baba anafunga madirisha, mwangalizi mpya, hata sare hajapewa. Akamwambia, "Mwanangu, niache nilale leo tu, kesho nitajua la kufanya."

Kesho hiyo ikawa miaka.

Baba alitundika kibao cha MATENGENEZO. Wageni walikuwa wakipita koridoni na Mama yumo ndani anasikia kila neno, na wao wakimsikia akikohoa. Kuna siku mtoto alichungulia kwenye luva akapiga kelele kwamba kuna bibi. Mama alilia sana siku ile. Alisema afadhali afe kuliko watu wamwone amejificha nyumbani kwake. Usiku ule Baba akaing'oa milango mizito ya chini akaileta juu, na ile ya luva akaitupa uani. Kuanzia hapo hakusikika wala hakuonekana.

Siku za kamati ndizo zilizokuwa ngumu, maana kamati ilikuwa na haki ya kufungua kila chumba. Siku hizo Mama Jaji alikuwa akivaa miwani mikubwa na koti, anatoka kwa mlango wa uani, anazunguka mbele na kuingia na wageni wa kawaida. Kuna mara Baba alimkuta amesimama katikati ya kundi anamsahihisha mwongozaji, anamwambia kiti cha Jaji hakikuwa kikielekea huko. Baba alipofika hapo alicheka mpaka akafuta macho, na sikujua anafuta kicheko au kitu kingine.

Mwisho alifia mlemle, chini ya ile dari, na Baba akawaambia watu kwamba ameletwa kutoka kwa kaka yake akiwa mgonjwa. Kaka hakubisha. Ilimfaa.

Nilipomwambia Baba kwamba basi dari imepona, kwamba inatosha aseme maneno haya mbele ya kamati, alitikisa kichwa. Aliahidi. Mama Jaji alimshika mkono akamwambia asimwambie mtu yeyote, hata akifa, kwamba hakuwa na pa kwenda.

"Na mimi umeniambia," nikasema.

"Wewe umenikamata," akasema Baba.

Alhamisi, 16 Aprili

Miaka yote nilimdhani Baba mtu wa kufuata kanuni mpaka kuudhi. Alinichapa kwa kukaa kwenye kiti cha makumbusho, na huku amefuga siri ghorofani. Leo nimemtazama akinyoa ndevu kama namtazama mtu mpya.

Namba amelegea kidogo baada ya paka. Ameruhusu milango ya luva itundikwe kama jaribio, mpaka kikao cha mwisho cha kamati. Kigae ameisugua na kubadilisha vibao vilivyooza. Ule wa choo ameusugua mara mbili.

Ijumaa, 24 Aprili

Kipimo kimeshuka. Nimepima tena nikidhani kifaa kimelewa. Kimeshuka kweli.

Jumanne, 28 Aprili

Moshi umepita! Kutoka dirishani, chini ya dari, kwenye luva, mpaka ngazini. Namba ameweka mtungi wake chini na kusema "haya". Kwake yeye hiyo ni sherehe.

Ijumaa, 8 Mei

Nje kunanyesha, ndani kunakauka. Kuvu imekuwa unga, inafutika kwa brashi laini. Kigae amemganga paka sikio kwa gundi na anasubiri amri ya kumrudisha juu.

Namba amenikumbusha, bila ubaya, kwamba kipimo hakitoshi. Kamati itauliza nani, lini, kwa nini. Kama hakuna jibu, jaribio linakwisha, milango ya maua inarudi, na dari itakwenda kwenye kioo. Mabomba ya viyoyozi yapo tayari nje ya dirisha la chumba kile, yamefunikwa turubai. Kila nikipita nayatazama kama maadui.

Jumatano, 13 Mei

Nimemsihi Baba. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimemnunia. Nimemwambia Mama Jaji angechagua dari. Akasema Mama Jaji hakuulizwa achague dari, alifungiwa geti na kaka yake, na hilo ndilo alilotaka lisijulikane. Ningekuwa mimi ningetaka lisijulikane pia.

Tumekubaliana kwamba nitasema haijulikani aliyehamisha. Nimekubali kwa moyo mzito, kwa sababu siri si yangu.

Alhamisi, 21 Mei

Baba amesema atakuja kesho. Anataka kuiaga dari. Amepiga pasi shati mwenyewe.

Ijumaa, 22 Mei

Niandike yote kabla sijasahau yalivyofuatana.

Kigae alimpandisha Baba ngazi, mkono begani, hatua kwa hatua, kabla kamati haijafika. Baba aliomba aachwe peke yake chumbani kidogo. Tulimwekea kiti cha plastiki, maana viti vya nyumba haviruhusiwi kukaliwa na yeye ndiye aliyenifundisha hivyo kwa fimbo. Tukamfungia milango.

Kamati ilikuja mapema. Sikupata nafasi ya kumtoa. Mama Mwenyekiti alisimama koridoni mbele ya mlango uliofungwa, akasoma vipimo vyangu, akavisoma tena. Alisema ni kazi nzuri. Alisema amefurahi hasa kwamba nyumba inajua kupumua yenyewe. Nikaanza kuwa na matumaini ya kijinga. Ndipo akauliza.

"Milango hii ilihamishwa na nani?"

Nikasema haijulikani.

"Lini?"

Nikasema hata hilo halijulikani. Namba alikuwa pembeni na kalamu yake, hanitazami. Mama Mwenyekiti akafunga faili. Alisema anasikitika sana, lakini kamati haiwezi kubadilisha nyumba ya Jaji kwa kubahatisha. Pengine Jaji ndiye aliyetaka ile ya maua. Pengine ni mwangalizi fulani mzembe aliyeona milango mizuri inakaa bure akaitundika popote. Bila kujua, irudi ilivyokutwa.

Neno "mzembe" lilinichoma. Nilifungua mdomo, na sijui ningesema nini, maana hapo hapo sauti ikatoka kwenye luva, karibu kabisa na bega la Mama Mwenyekiti.

"Nilihamisha mimi."

Mama Mwenyekiti aliruka hatua moja nyuma. Nikafungua mlango. Baba alikuwa palepale kwenye kiti chake cha plastiki, mkongojo magotini, hakusimama kwa sababu hakuweza.

Alisema kwamba Mama Jaji aliishi chumba hiki mpaka alipofariki, na kwamba luva zilikuwa zinatoa sauti yake nje na kuingiza macho ya watu ndani. Akaeleza siku ya yule mtoto, akataja na mwaka. Alisema taratibu, kama anasoma maelezo ya wageni, ila mkono ulikuwa unazungusha mkongojo.

"Uliificha kamati miaka yote hiyo?" Mama Mwenyekiti aliuliza.

"Ndiyo."

"Na siku tulizokuja?"

"Alikuwa anatembelea makumbusho, na tiketi amekata."

Nilianza kuogopa, nikijiuliza kama mtu mstaafu anaweza kushtakiwa kwa mgeni aliyemlaza. Kisha yule mama wa maneno machache akavua miwani yake, akaitazama.

"Alikuwa na miwani mikubwa," alisema. "Aliniambia mimi mwenyewe kwamba kiti cha Jaji kimewekwa vibaya. Nikamjibu kwamba sisi ndio tunaojua."

Hakuna aliyecheka. Aliingia chumbani, akainua uso, akaangalia pasi na kuku na viatu na lile pengo la paka. Aliangalia kwa muda mrefu. Alipogeuka alisema milango ya luva ibaki, dari ibaki, na injinia atafute mahali pengine pa mitambo yake. Nilimwambia kile kibanda cha kufulia uani kinatosha, nilishakipima.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Mama Mwenyekiti alimgeukia Baba tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua tu.

"Kwa nini hakwenda kwa kaka yake?"

Baba alitazama juu, mahali paka alipokuwa.

"Hakutaka," alisema. "Kaka yake alikuja kumchukua. Alimbembeleza sana, masikini. Mama akakataa kata kata. Alisema hawezi kulala mahali pasipo na dari hii."

Nimeishi na Baba umri wangu wote na sijawahi kumwona akidanganya vizuri namna ile, hata jicho halikupepesa.

Namba aliandika. Aliandika nani, akaandika lini, akaandika kwa nini. Kisha akanijia, maana kanuni inataka maelezo ya mdomo yawe na shahidi wa pili. Akaniuliza kama hivyo ndivyo nilivyosikia na mimi nyumbani, au kama kuna zaidi. Msimu mzima nimechokonoa nyumba ile, sikuacha ubao wala bawaba, nikasumbua watu kwa maswali mpaka wakaniona nakera, yote kwa sababu sipendi kitu kibaki bila maelezo. Baba hakunitazama. Alikuwa bado ameinua uso.

Nikamwambia Namba hivyo ndivyo nilivyosikia, na hakuna zaidi. Akanipa kalamu, nikatia sahihi.